Mama Anna Magdalena na nyimbo za Bach



Makanisa mengi, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti, huimba Ijumaa Kuu wimbo mmoja wa polepole juu ya kichwa cha Yesu kilichovikwa miiba. Sauti yake ni ya zamani sana. Mara ya kwanza ilitoka mwaka 1601, na (msicheke) ilikuwa ya wimbo wa mapenzi, kijana akimlilia msichana. Baadaye kanisa liliichukua na kuitia maneno ya mateso. Kisha akaja mpiga kinanda mmoja Mjerumani akaipanga kwa sauti nne, soprano, alto, tenore na basi, na mpango wake ndio unaofuatwa mpaka leo katika korali nyingi za dunia. Mtu huyo ni Johann Sebastian Bach.

Jina la Bach linajulikana. Jina la bibi yake, aliyenakili kurasa nyingi za nyimbo zile huku akibeba mimba moja baada ya nyingine, linajulikana kidogo tu. Kijarida chetu ni cha wamama, basi leo tutaingia katika nyumba hiyo kwa mlango wa jikoni.

Bach alizaliwa Eisenach, Ujerumani, mwezi wa Machi 1685, kitinda mimba wa watoto 8. Baba yake alikuwa mpiga muziki wa mji, na ukoo wao wote ulikuwa wa wapiga muziki, kama vile kwetu kunavyokuwa na ukoo wa wahunzi au wa waganga. Mama yake alikufa mwezi wa Mei 1694. Haikupita hata miezi kumi, baba naye akafa. Mtoto alikuwa hajatimiza miaka 10. Kaka yake mkubwa, Johann Christoph, mpiga kinanda cha kanisa katika mji wa Ohrdruf, akamchukua pamoja na ndugu mwingine. Wamama wengi kati yetu wanalea yatima wa ndugu zao, kwa hiyo mnajua kazi hiyo: chakula hakiongezeki lakini sahani zinaongezeka.

Familia yake yenyewe ilisimulia habari hii. Kaka alikuwa na kitabu cha nyimbo za kinanda alichokifungia katika kabati la wavu. Mdogo aliomba akisome, akakataliwa. Basi usiku, watu wakilala, alipitisha mkono wake mdogo kati ya wavu, akakikunja kitabu, akakitoa na kukinakili kwa mwanga wa mwezi, maana hata mshumaa hakupewa. Kazi hiyo ilichukua miezi 6. Alipomaliza, kaka aligundua akamnyang'anya nakala yote. Mimi ningemtetea kaka kidogo, maana karatasi ilikuwa mali ya bei na kitabu kile huenda kilimgharimu sana. Lakini tazameni jinsi mtoto huyo alivyojifunza. Wakati ule muziki uliochapishwa ulikuwa wa matajiri. Asiye na pesa alishika kalamu, akanakili nota moja moja. Neno hili la kunakili tutalikuta tena mbele.

Akiwa na miaka 15 alienda mbali, Lüneburg, kuimba katika korali ya wavulana maskini waliolipwa kwa masomo na chakula. Akiwa na miaka 18 alipata kazi ya kupiga kinanda cha kanisa huko Arnstadt. Kinanda hicho si kile cha umeme tunachokiona leo Goma. Ni mashine kubwa kama nyumba, yenye mamia ya mabomba. Wakati ule watu wengine walisukuma hewa kwa mivukuto kama ya mhunzi, na mpigaji alitumia mikono miwili na miguu miwili pamoja. Mwaka 1705 aliomba ruhusa ya majuma manne, akatembea kwa miguu zaidi ya kilometa 400 hadi Lübeck kumsikiliza mzee Buxtehude, aliyesifiwa kuliko wote kwa kinanda. Hiyo ni safari ndefu sana kuliko kutoka Goma mpaka Walikale, na mnaijua barabara hiyo. Akarudi baada ya miezi karibu minne. Wakubwa wa kanisa walimwita wakamkaripia, na waliongeza shitaka jingine: kwamba alimruhusu msichana mgeni kuimba juu ya roshani ya kinanda. Wakati ule mwanamke hakuruhusiwa kuimba hapo.

Mwaka 1707 alimwoa Maria Barbara, binti wa ukoo wake. Walizaa watoto 7. Mwezi wa Julai 1720 Bach alikuwa safarini na mtawala aliyemwajiri. Aliporudi mlangoni aliambiwa kwamba bibi yake ameugua, amekufa na tayari amezikwa. Walibaki watoto wanne bila mama, mkubwa wao msichana wa miaka 11.

Mwezi wa Disemba 1721 akaingia Anna Magdalena. Alikuwa na miaka 20, binti wa mpiga tarumbeta, mwimbaji wa kulipwa katika nyumba ya mtawala wa Köthen, mwenye mshahara wake mwenyewe. Bach alikuwa na miaka 36. Binti wa kwanza wa mumewe alimzidiwa kwa miaka saba tu. Yeyote aliyeingia katika nyumba yenye watoto wa marehemu anajua maana ya hesabu hiyo.

Mwaka 1723 familia ilihamia Leipzig, ambako Bach alipewa kazi ya kufundisha wavulana wa shule ya Mtakatifu Thoma na kupanga muziki wa makanisa ya mji. Hakuwa chaguo la kwanza la wakubwa wa mji. Walimtaka Telemann, wakamtaka Graupner, wakakosa wote wawili, ndipo wakampokea yeye. Kwa Anna Magdalena kuhama huko kulikuwa hasara, kwa sababu katika makanisa ya Leipzig waliimba wavulana tu. Sauti iliyokuwa ikimlipa mshahara ilibaki ya kuimbia nyumbani.

Hapo ndipo kalamu yake ilipoanza kufanya kazi kweli. Miaka ya kwanza Leipzig, Bach alitunga karibu kila juma kipande kipya cha ibada, chenye waimbaji na vyombo. Jumapili ikikaribia, kila mwimbaji na kila mpigaji alihitaji karatasi yake. Basi nyumba nzima ilinakili: wanafunzi, watoto wakubwa, na mama. Mwandiko wake wa nota ulifanana na wa mume wake kiasi kwamba kwa miaka mingi wataalamu waliuchanganya. Siku hizi kuna aliyedai kwamba baadhi ya nyimbo alizitunga mwenyewe. Wataalamu wengi wamekataa, nami naona hakuna haja ya kumpa sifa isiyo na ushahidi. Zile zenye ushahidi zinatosha.

Wakati huohuo alizaa. Kuanzia 1723 hadi 1742 alizaa mara 13. Kati ya hao, 7 walikufa wangali wadogo. Ukijumlisha na wa Maria Barbara, Bach alikuwa baba wa watoto 20, na 10 tu walifika utu uzima. Mtoto wake mkubwa wa kiume, Gottfried Heinrich, alikuwa na ulemavu wa akili, ingawa familia ilisema alikuwa na kipaji kikubwa cha kinanda. Hakufichwa. Aliishi katikati ya wenzake.

Mtoto mmoja wa Bach alisema nyumba ile ilikuwa kama kibanda cha njiwa, wanaingia na kutoka mchana kutwa. Ndugu mmoja aliyekaa nao kama mwalimu wa watoto ameacha barua ambamo anaeleza kwamba Mama Anna Magdalena alipenda maua. Siku moja aliletewa miche sita ya maua, akaitunza kama mtu anavyotunza watoto wachanga asiwapate baridi. Anapofikiwa na habari za wanawake wa zamani, mtu huona tu tarehe za kuzaa na kuzika. Mimi nimefurahi kukuta kwamba alipenda maua.

Pesa haikutosha kila wakati. Katika barua ya mwaka 1730 Bach alimwandikia rafiki kwamba anapata kama taler 700 kwa mwaka, lakini sehemu yake inatoka kwenye mazishi, na hewa ya mji ikiwa nzuri watu hawafi, basi mfuko unapungua. Mwaka uliotangulia alikosa zaidi ya taler 100 kwa sababu hiyo. Aliandika hivyo waziwazi, bila haya.

Uzeeni macho yalimharibikia. Mwezi wa Juni 1749, akiwa bado hai, wakubwa wa mji walimwita mtu mwingine kutoka Dresden wakamjaribu kwa ajili ya cheo chake. Mwaka 1750 daktari mmoja wa macho, Mwingereza aliyezunguka miji, alimpasua mara mbili. Bach akawa kipofu, akadhoofika, na tarehe 28 Julai 1750 akafa, akiwa na miaka 65.

Sasa tumfuate mjane.

Bach hakuacha wasia. Nyumba waliyokaa kwa miaka 27 ilikuwa ya shule, si yao. Mtu aliyejaribiwa mwaka uliotangulia alipewa cheo na nyumba. Anna Magdalena alipewa mshahara wa nusu mwaka kama desturi ya wajane, na hata huo wakubwa waliupunguza, wakisema mume wake alilipwa zaidi kidogo alipoanza kazi mwaka 1723. Miaka 27 imepita, deni linatolewa kwa mjane!

Mali iliandikwa yote, vinanda, violoni, vitabu vya dini, mpaka vyombo vya nyumbani, ikafika taler 1,100 na zaidi kidogo. Sheria ya huko ilimpa mjane theluthi moja, na theluthi mbili zikagawanywa kati ya watoto 9 waliokuwa hai. Ili akubaliwe kuwa mlezi wa watoto wake mwenyewe ambao hawajakomaa, ilibidi aahidi mbele ya wakubwa kwamba hataolewa tena.

Karatasi za nyimbo nazo ziligawanywa. Watoto wakubwa wa kiume walichukua sehemu kubwa. Mama alibaki na karatasi za waimbaji na wapigaji wa kundi moja la nyimbo za ibada, zaidi ya 40, akaziacha kwa shule ya Mtakatifu Thoma ili avumiliwe katika nyumba muda zaidi. Na hapa kuna jambo la kushangaza. Sehemu iliyokwenda kwa kifungua mimba, Wilhelm Friedemann, ilitawanyika, kwa kuwa alikosa pesa akauza, na nyimbo nyingi zikapotea kabisa. Karatasi alizotoa mama zilikaa shuleni, na zipo mpaka leo.

Mwaka 1752 mji ulimpa taler 40, wakiandika kwamba ni kwa sababu ya umaskini wake na kwa ajili ya karatasi za muziki. Aliishi na mabinti wake wawili wadogo na Catharina Dorothea, yule binti wa bibi wa kwanza, ambaye hakuolewa na hakumwacha mama wa kambo. Mtoto mwenye ulemavu alichukuliwa na dada yake Elisabeth aliyeolewa Naumburg. Watoto wa kiume walipata kazi katika nyumba za wafalme na watawala. Mmoja alifika mpaka Italia na London. Mwezi wa Februari 1760 mama yao alikufa, ameandikwa katika daftari la mji kama mwanamke wa sadaka. Kaburi lake halijulikani. Mimi sipendi kuhukumu watoto wa watu kutoka mbali, barabara zilikuwa mbaya na vita vilikuwa vimeanza. Lakini nimeshindwa kulipita jambo hili bila kusema.

Wamama wa Walikale na Masisi hawahitaji kuelezwa hadithi ya namna hii. Mume anakufa, matanga hayajaisha, na ndugu zake wameanza kuhesabu mabati. Kinachotofautiana ni kwamba kwetu kuna sheria ambayo wengi hawaijui. Code de la famille ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inasema kwamba watoto wa marehemu wanapata robo tatu za mali. Robo inayobaki inagawanywa kati ya mjane, wazazi wa marehemu na ndugu zake. Zaidi ya hayo, mjane ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mume wake na kutumia vyombo vilivyomo. Shemeji hawezi kumtoa kwa sababu tu amemkuta analia.

Lakini ndoa lazima iweze kuonekana. Ndoa ya kimila, ya mahari na mbuzi, inakubaliwa na sheria, ila inatakiwa iandikishwe kwa ofisa wa serikali anayeandika ndoa. Isipoandikwa, mbele ya watu wengine ni kama haipo. Na hapa kwetu tatizo ni kubwa mara mbili, kwa sababu hata waliojiandikisha wamekimbia vita mara ngapi, na karatasi zimeungua au zimebaki katika nyumba iliyoporwa. Kikundi kinachokusanya likelemba kila juma kinaweza kutenga franka kidogo za kutoa fotokopi za karatasi za ndoa na za kuzaliwa watoto, nakala moja ikae parokiani au kwa pasta, nyingine kwa ndugu aliye mjini. Ni kazi ya kunakili tu.

Turudi kwa Bach. Baada ya kufa, wapiga vinanda walimkumbuka lakini watu wengi walimsahau. Binti wa mwisho, Regina Susanna, aliyekuwa na miaka 8 baba alipokufa, alizeeka katika umaskini. Mwaka 1800 mwandishi mmoja wa gazeti la muziki huko Leipzig aliwaomba wasomaji wamsaidie. Beethoven mwenyewe, akiwa Vienna, aliguswa na habari hiyo akataka kuchangia. Regina Susanna alikufa mwaka 1809.

Aliyeifufua sifa ya Bach alikuwa kijana wa miaka 20, Felix Mendelssohn. Tarehe 11 Machi 1829, Berlin, aliongoza Mateso ya Yesu kadiri ya Matayo, kazi kubwa ya Bach ambamo ule wimbo wa Ijumaa Kuu unarudi mara tano. Na nakala ya kazi hiyo aliipata wapi? Alipewa na nyanya yake, mama ya mama yake, Bella Salomon. Dada ya mama huyo, wait, katika ukoo huohuo alikuwepo pia Sara Levy, mwanamke mpiga kinanda aliyefundishwa na Wilhelm Friedemann, akakusanya na kutunza karatasi za Bach wakati wengine waliziona ni za kizamani.

Muziki huo ulifika hata katika misitu yetu ya Afrika ya kati. Albert Schweitzer, pasta na mpiga kinanda kutoka Alsace, aliandika kitabu kikubwa juu ya Bach mwaka 1905, kisha akasomea udaktari. Mwaka 1913 alifika Lambaréné, Gabon, pamoja na bibi yake Hélène Bresslau, aliyekuwa amejifunza kazi ya uuguzi, wakaanza hospitali kando ya mto Ogooué. Sehemu ya pesa za kuitunza ilitoka katika maonyesho yake ya kinanda huko Ulaya, akipiga Bach. Wenzake wa Paris walimpa piano yenye pedali za miguu kama za kinanda cha kanisa, iliyowekwa zinki ndani ili mchwa wasiile. Schweitzer aliwatazama Waafrika kama wadogo zake, jambo ambalo wengi wamemlaumu, na wana haki. Lakini watu walitibiwa.

Na nchini mwetu, Kinshasa, tangu mwaka 1994 kuna okestra ya Wakimbangu iliyoanzishwa na Armand Diangienda, rubani aliyekosa kazi. Mwanzoni vyombo vilikuwa vichache, wakapokezana violoni mmoja baada ya mwingine. Wamama wamo humo, wengine wanatoka sokoni na kuingia kwenye mazoezi jioni. Filamu ya mwaka 2010 iliwaonyesha duniani kote.

Kati ya kazi za Bach zinazopigwa zaidi siku hizi kuna vipande sita vya selo, ile violoni kubwa inayoshikwa kati ya magoti. Karatasi alizoandika Bach mwenyewe zimepotea. Nakala inayotegemewa zaidi iko katika maktaba ya taifa huko Berlin, na kwenye ukurasa wake wa kwanza kuna maneno ya Kifaransa yanayosema kwamba imeandikwa na Madame Bach, bibi yake.